Nyumba Iliyopungua Shubiri

Kaka yangu wanamwita Timazi. Timazi ni kile chuma kidogo kinachoning'inia kwenye uzi, waashi hukitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alipewa akiwa kijana, siku alipobomoa ukuta aliokwisha kuumaliza, kwa sababu kule juu ulikuwa umeegemea nje kwa unene wa ukucha. Mwenye nyumba akamwambia auache, hakuna atakayeona. Kaka akasema, "Mimi nimeshaona," akaushusha wote mpaka chini.

Amejenga nyumba za watu kwa miaka thelathini na sita. Ukitembea naye mtaani hamfiki mnakokwenda. Kila kona anasimama, anaweka kiganja ukutani, anakuambia hapa tulichanganya mchanga wa mtoni, hapa mama mwenye nyumba alitaka dirisha lihamishwe mara tatu. Kwake mwenyewe hakuwahi kujenga. Kiwanja alikuwa nacho, juu kidogo ya barabara ya shule, lakini kila akifyatua matofali ya kuanzia, linazuka jambo. Mtoto anaumwa. Ada. Msiba. Safari moja jirani aliunguliwa na nyumba, kaka akampelekea matofali yote kwa mkokoteni, kisha akaenda kumjengea. Yaliyosalia kiwanjani yalikuwa kama mia mbili, na yalikaa mpaka yakaota ukungu wa kijani.

Mke wake, wifi yangu, amehama vyumba kumi na kimoja vya kupanga tangu aolewe. Ukimuuliza kabati lake lina ukubwa gani hakutajii vipimo, anakuambia lilipita mlango upi na lilikataa upi. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Ila mara moja, tukifua, alisema, "Wifi, mimi ningependa kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa." Akacheka, tukaendelea kufua.

Kisha ikaja barua ya ofisi ya ardhi. Binti yao ndiye aliyetusomea, kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo na macho yetu sote yameshachoka. Barua ilisema kiwanja kimekaa miaka mingi bila kuendelezwa, kwa hiyo mwenye kiwanja anapewa siku sitini. Siku ya mwisho atakuja mkaguzi, naye atataka kuona mambo matatu: paa, mlango, na watu wanaoishi ndani. Likikosekana moja, kiwanja kinarudi ofisini na anapewa mwingine.

"Siku sitini," kaka akasema. "Nyumba ndogo inawezekana."

Asubuhi yake alikwenda kiwanjani peke yake kupanga matofali. Mimi nilipita na maji ya kunywa nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye rundo, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Alikuwa amebeba matofali sita. Tulimpeleka hospitali, wakapiga picha ya kifua. Daktari akaishika picha dirishani, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mzee, mapafu yako yamejaa kazi yako." Akamkataza vumbi la saruji kuanzia siku ile. Si kupunguza, kuacha.

Waashi wenzake walikuja kumpa pole, wakapiga mahesabu palepale kitandani. Hata wakijitolea wote, kila mmoja baada ya kazi yake, msingi, ukuta, lenta na paa vingechukua miezi mitatu. Walipoondoka hakuna aliyemtazama mwenzake. Na mwenye chumba walichopanga alikuwa ameshasema chumba chake anakitaka kabla ya siku hizo sitini kwisha.

Binti yao ni karani wa zahanati. Zahanati ile ilikuwa imejaa, kina mama wanasubiri juani, ndipo wakaletewa vyumba viwili vilivyotengenezwa kiwandani. Vilikuja juu ya lori, ukuta umelala juu ya ukuta kama vitabu. Jumatatu lori lilifika, Alhamisi wakawa wanapima uzito wa watoto humo ndani. Binti akatuita twende tukaone.

Kaka alisimama mlangoni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Baba, ingia basi."

"Nimeshaingia. Niko ndani ya debe."

"Debe halina soketi. Ona, nyaya zimo ndani ya ukuta tangu kiwandani. Na dirisha, shangazi hebu lifunge."

Nikalifunga kwa vidole viwili. Kelele za nje zikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Jua lilikuwa kali siku ile, lakini mle ndani palikuwa na ubaridi wa kisimani. Nikasema moyoni, Mungu wangu, watu wanaishi hivi.

"Kuta zake ni nyembamba kuliko mwiko wangu," kaka akasema. "Mtu akipiga chafya, nyumba inahama."

"Basi hiyo ndiyo inatufaa sisi," wifi akasema, "tumeshazoea kuhama."

Sote tukacheka, hata kaka. Lakini wifi alikuwa amepitisha kiganja ukutani kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na sasa alikuwa anakitazama. Akamwonyesha mumewe.

"Hakuna vumbi," akasema. "Nimefua saruji ya nguo zako tangu tuoane. Humu hakuna hata chembe. Humu ungepumua."

Njia nzima ya kurudi kaka hakugusa ukuta wa mtu.

Alikataa siku baada ya siku. Alisema mwashi kulala ndani ya boksi ni kama mshonaji kutembea uchi. Alisema watu watamcheka, na ni kweli wangemcheka. Siku zikabaki thelathini, zikabaki ishirini na tano. Mimi nilikuwa nasali kila alfajiri, na sijui tena nilikuwa naomba nini, kama ni kiwanja au kifua chake au moyo wake ulegee. Asubuhi moja nikawakuta kwao, wifi ameshusha sufuria zote, anazifunga moja ndani ya nyingine na kamba. Hakuna aliyemwambia afunge. Hakuwa na pa kuzipeleka.

"Unafunga za nini?" kaka akamuuliza.

"Nazifunga tu."

Kaka akamtazama mpaka alipomaliza fundo la mwisho. Ndipo akamwita binti, akamwambia awaambie watu wa kiwandani walete hiyo nyumba yao. Binti alifanya mpango wa kukatwa mshahara kazini, hayo sitayaongeza hapa. Iliyopatikana haraka ilikuwa ndogo, chumba kimoja na sebule na choo, mita sita kwa tano.

"Ila jamvi la zege, la kusimamishia kuta, nalimwaga mimi," kaka akasema. "Hilo hawaji nalo kwenye lori."

Wakamletea ramani ya karatasi moja. Ilionyesha ukubwa na mahali pa bolti, kwa sababu nyumba hizo hushikwa na bolti zinazozikwa kwenye zege likiwa bichi, kisha kuta zinateremshwa juu yake na kukazwa kwa spana. Waashi wawili walikuja Jumapili na Jumatatu wakachanganya na kumwaga. Kaka alikaa kwenye kigoda upande upepo unakotoka, kitambaa puani. Lakini uzi wa kupimia aliuvuta mwenyewe, na bolti alizisimika kwa mkono wake, moja moja, akianzia pembe ya mlango.

Sasa niseme jinsi kaka anavyopima, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Yeye hupima chumba kwa ndani. Waashi wengi hupima nje, yeye ndani. Mtu akimwambia nataka chumba cha mita tatu, anampa mita tatu za kukanyaga, kisha unene wa ukuta anauongeza kwa nje. "Mteja haishi ndani ya tofali," huwa anasema. Kwa sababu hiyo watu walimpenda, kitanda na kabati viliingia kwa kaka mahali ambapo kwa wengine viligoma. Aliona sita kwa tano kwenye karatasi, na ile mishale midogo inayoonyesha kipimo kinaanzia wapi hakuitazama. Mkono wake ulifanya unachofanya kila siku. Akaacha nafasi ya mita sita kwa tano, akaongeza nje unene wa tofali la inchi sita, akasimika bolti katikati ya ukuta usiokuwapo.

Watu wa kiwandani walipiga simu. "Mzee, umefuata ramani?"

"Nimefuata."

Binti akawapelekea picha. Jamvi lilikuwa limenyooka, linang'aa kwa maji. Wakasifu.

Lori lilikuja Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi. Mkaguzi alikuwa aje Ijumaa. Mtaa mzima ulitoka, na waliotoka kucheka walinyamaza kidogo kreni iliponyanyua ukuta wa kwanza, na dirisha lake na kioo chake, ukapita juu ya vichwa vyetu. Msimamizi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kofia ngumu, spana mfukoni. Vijana wake walimwita Bosi. Ukuta wa mlango ukakaa kwenye bolti zake kama mguu kwenye kiatu. Wa kushoto nao ukakaa. Walipoleta wa nyuma, ukagota kwenye wenzake, na bolti zake zikabaki nje kabisa. Wa kulia hivyo hivyo.

Bosi akainama, akapima kwa kiganja. "Shubiri nzima," akasema. "Mzee, jamvi lako limezidi shubiri."

"Jamvi langu halijazidi. Nyumba yenu imepungua."

"Nyumba imetoka kwenye mashine, mzee wangu. Mashine haipunguzi."

"Mashine imetengenezwa na nani? Mimi nimejenga kabla hujazaliwa. Sijawahi kukosea hata unene wa ukucha, waulize hawa."

Watu wakaitikia, ni kweli, huyo ni Timazi. Maskini, walidhani wanamsaidia. Kaka akazidi kukaza shingo. Saa zikaenda. Bosi akapiga simu kiwandani, kaka akataka kuongea nao yeye, akawaambia wameleta nyumba ya mtu mwingine. Dereva wa kreni akawasha injini, ana kazi nyingine mahali pengine. Wifi alikuwa amekaa juu ya sufuria zake zilizofungwa, pembeni ya barabara, kwa sababu asubuhi ile ile walikuwa wameshatoa vitu chumbani. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri gari ambalo hana uhakika kama linapita njia ile.

Nilimwendea kaka. Sikujua kitu cha ujenzi cha kumwambia. Nikamwambia tu, "Kaka yangu, pima wewe. Usiwaamini wao. Pima kwa futi yako mwenyewe."

Akachomoa futi mfukoni. Akapima ukuta wao kwa nje, ulivyolala: mita sita kamili. Akasimama. Akaenda kwenye jamvi, akapima kutoka pale ambapo ukuta wake ungeishia kwa ndani mpaka ule mwingine kwa ndani: mita sita kamili. Akaweka kidole kwenye ukingo. Niliona uso wake unabadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta mkavu. Akaiomba ile karatasi. Akaishika mbali na macho, akaitafuta mishale.

Alikohoa kwanza, muda mrefu. Kisha akamwendea Bosi mbele ya watu wote.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimepima ndani. Nyumba yenu ni nzima."

Bosi akavua kofia.

"Mzee, ningeweza kutoboa matundu mapya," akasema. "Lakini mashine ya kutobolea iko kwenye kazi nyingine. Na hili zege lina siku tisa. Nikilitoboa leo karibu na ukingo litapasuka. Nipe wiki mbili."

"Ijumaa," binti akasema. "Ni keshokutwa."

"Kuta mbili zimeshika, mbili zinaelea. Siwezi kuweka paa juu ya kuta zinazoelea. Upepo ukija, hiyo ni roho ya mtu."

Wakaanza kukunja kamba. Wifi akafunika uso kwa khanga yake.

Kaka alikuwa bado anatazama ukingo wa jamvi, pale ukuta unapoishia na bolti zinapoanzia. Akapiga magoti, akachukua tofali moja kwenye rundo lake la kijani, akalichomeka. Likaingia kati ya ukuta na bolti, ikabaki nafasi kidogo ya udongo, ndivyo waashi wanavyoita saruji iliyochanganywa na mchanga. Lazima lingeingia, kwani kosa lake lilikuwa la unene wa tofali.

"Nikipanga matofali hapa kwa saruji," akasema, "pande zote mbili, mguu wa ukuta hauendi nje. Bolti zinayashika matofali mgongo. Ndani unakaza kwa vyuma vyako vya pembe."

Bosi akachuchumaa naye. "Sijawahi kuona kitu kama hicho."

"Hata mimi sijawahi kukosea shubiri."

Bosi akatikisa tofali kwa mkono, akafikiri. "Mistari miwili, si mmoja. Na iwe imekauka kabla ya paa. Kesho mchana mwisho."

"Nani atapanga?" nikauliza. Waashi wenzake walikuwa kazini mbali, na vijana wa Bosi walijua spana, mwiko hawakuujua. Kaka alikuwa ameshautoa mwiko kwenye mfuko.

Wifi akasimama. "Daktari alisema nini?"

"Alisema vumbi."

"Sasa hiyo ni nini?"

"Changanyeni nyinyi," kaka akasema. "Mlowanishe mifuko kabla ya kufungua."

Tulichanganya, mimi na wifi, mabibi wawili na koleo. Tulimwagia maji kila kitu, lakini saruji ni saruji, ilipanda. Mstari wa kwanza aliupanga Jumatano jioni ile, akipumzika kila baada ya matofali mawili. Alhamisi alfajiri akaanza wa pili. Kitambaa kilimziba pumzi, akakivua. Nikamrudishia, akakivua tena. Matofali hamsini na mawili. Kufikia thelathini alikuwa anapanga akiwa amelala ubavu. Binti alilia, akamwambia baba acha, kiwanja kiende. Akamjibu, "Lete udongo."

Mstari wa pili ulikuwa unayumba. Wifi aliona, nami niliona. Ulitoka nje hapa, ukarudi ndani pale, kama njia ya mlevi. Tuliendelea kumpa udongo.

Mchana Bosi akatikisa kuta zote nne kwa bega, akaita paa. Walifanya kazi mpaka jua kuzama, wakaacha vipande vitatu tu vya asubuhi. Kaka hakuweza kusimama tena, wala kubebwa, kila tukimwinua anakosa pumzi. Basi tukaingiza godoro, akalala mle ndani, pembeni penye paa, na sisi tukalala naye. Mimi nilimshukuru Mungu kwa jambo moja dogo, kwamba Ijumaa sitalazimika kusema uongo.

Mkaguzi alikuja saa nne, na faili. Mwanamume mpole tu, wala hakuja na ubaya. Akatazama paa, akaandika. Akafungua na kufunga mlango, akaandika. Akazunguka nyuma, akasimama mbele ya yale matofali.

"Na hiki?"

"Baraza," wifi akasema, akakaa juu yake, akanyoosha kitenge magotini.

"Baraza lenyewe limepinda, mama."

"Na mgongo wangu umepinda. Tunafaana."

Mkaguzi akatabasamu. Akarudi mbele. "Haya. Na kuna watu wanaoishi humu, au mmeleta vyombo tu?"

Kabla hatujajibu, kaka akakohoa. Kikohozi kile kilitokea mbali, kikaja na kuja, hakikuisha. Kuta zile nyembamba zilikipitisha chote. Mkaguzi alisimama na kalamu juu ya karatasi mpaka kiliponyamaza. Kisha akaandika neno moja, akachana nakala, akaniwekea mkononi. "Mpelekeni hospitali," akasema, akaondoka polepole.

Tulimpeleka. Walimpa dawa, wakamrudisha, na daktari alituita mimi na wifi nje kwanza. Alisema maneno ambayo wifi hajayarudia mpaka leo, na mimi sitayarudia.

Bosi alirudi baada ya wiki mbili na mashine ya kutobolea kama alivyoahidi. Akakaza kuta zote kwa bolti. Akamaliza akasema matofali yale sasa hayana kazi, wayatoe? Wifi akamwambia asiyaguse.

Kaka analala chumbani, kitanda kando ya dirisha. Mle ndani hakuna vumbi kweli, wifi anafuta kila asubuhi, kitambaa kinabaki cheupe. Amepigilia msumari, ametundika kalenda. Juzi kaka aliniomba nimtolee timazi kwenye mfuko wake. Nikapanda kigoda, nikaushikilia uzi juu ya ukuta wa kiwandani, chuma kikateremka, kikazunguka kidogo, kikatulia. Hakikuegemea ukuta wala hakikuuacha, kutoka juu mpaka chini.

"Umenyooka," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika. Akapumua. "Na wangu?"

"Umeshika, kaka."

"Sikuuliza kama umeshika."

Nikakunja uzi polepole kwenye kile chuma ili nipate cha kufanya na mikono.

"Nikipata nguvu," akasema, "ule mstari nitaushusha."

Nikamwambia sawa. Nje, kupitia ukuta ule, tulimsikia wifi akiweka beseni chini na kukaa barazani.